Mlango wa jiko la kuni: unavuja, umepinda, au kamba tu imechoka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu majiko ya kuni ya kupasha nyumba joto: yale ya chuma yaliyofungwa pande zote, yenye mlango wa kioo au wa chuma na bomba la moshi (dohani) linalopanda hadi juu ya paa. Ndiyo utakayoyakuta Maine, Minnesota, Ontario, Norway na vijijini Uingereza, na wengi wetu tunakutana nayo kwa mara ya kwanza siku tunayokabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anakuonyesha kuni zilipo, anakuonyesha namna ya kuwasha, anaondoka. Habari za mlango, na za ile kamba ya nyuzi inayozunguka ukingo wake ili uzibe, hazisemi.

Sioni moshi wowote chumbani. Si ina maana mlango uko sawa?

Hapana. Dohani ikishapata joto inavuta, na ndani ya jiko shinikizo la hewa linakuwa dogo kuliko la chumbani. Penye upenyo, hewa ya chumbani ndiyo inayoingia ndani ya jiko, moshi hautoki. Mlango unaweza kuvuja msimu mzima na pazia zako zisinuke hata kidogo.

Dalili za kweli ni nyingine. Unafunga kidhibiti cha hewa mpaka mwisho na moto bado unanguruma. Kuni ulizopakia saa nne usiku ili zikufikishe alfajiri, saa saba zimeshakuwa majivu. Kioo kinapiga weusi kwenye kona moja au ukingo mmoja tu, kwa sababu hewa baridi inayopenya hapo inapoza kioo na masizi yanaganda. Tazama pia fremu mlango ukiwa wazi na jiko likiwa limepoa: pale kamba inapobana vizuri utaona mstari msafi wa rangi ya chuma, na pale isipobana mstari unakatika na weusi unavuka kutoka ndani kwenda nje. Mstari huo umewahi kunipa jibu kabla sijatoa kifaa chochote mfukoni.

Hewa kidogo inayopenya ina hasara gani? Moto si unahitaji hewa?

Unahitaji, ila kwa kipimo unachokitaka wewe. Jiko la aina hii limeundwa ili hewa yote ipite kwenye vidhibiti vyake. Mlango ukivuja, kidhibiti kinabaki pambo. Jiko linapita joto lake, kuni zinakwisha, na ndani ya dohani, kama kuna kreosoti (lami ya moshi) iliyoganda kutokana na kuni mbichi, moto mkali unaweza kuiwasha. Hapo umeshatoka kwenye habari za kamba, unaita zimamoto.

Kwa majiko mapya hasara ni kubwa zaidi, maana yanachoma moshi wenyewe kwa hewa ya pili inayoingizwa juu ya moto kwa hesabu. Marekani, tangu Mei 2020, jiko jipya haliuzwi kama linatoa zaidi ya gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au gramu 2.5 likipimwa kwa magogo ya kawaida. Vipimo hivyo vinachukuliwa jiko likiwa limeziba vizuri. Kamba ikilegea, cheti kilichobandikwa nyuma ya jiko hakikusaidii kitu.

Halafu kuna balaa la mduara: uvujaji unaleta joto kali, joto kali linapinda chuma, chuma kilichopinda kinavuja zaidi. Anayeshika tatizo mapema anabadilisha kamba. Anayechelewa ananunua mlango.

Na monoksidi ya kaboni?

Hatari inakuja dohani ikiacha kuvuta: asubuhi makaa yanapofifia, bomba likiziba kwa masizi, au feni kubwa ya jikoni ikinyonya hewa ya nyumba. Wakati huo mkondo unageuka, na upenyo uliokuwa ukiingiza hewa unatoa gesi. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na watu wa nyumba nzima wanadhani wameshikwa na mafua pamoja. King'ora cha gesi hii kiwe kwenye chumba chenye jiko na kingine karibu na mnapolala. Kikilia, tokeni nje kwanza. Kutafuta sababu ni baadaye.

Jaribio la noti linafanywaje?

Jiko likiwa baridi kabisa. Chukua noti yoyote, kwa kuwa karatasi yake haichaniki ovyo. Ibane kati ya mlango na fremu, nusu ndani nusu nje, funga mlango na komeo lake kama kawaida, kisha vuta polepole. Ikikataa, au ikitoka kwa kusuguana sana, hapo pamebana. Ikiteleza kama inatoka kwenye bahasha, hapo panavuja.

Watu wengi wanapima sehemu mbili, wanaridhika, wanafunga kazi. Zunguka mlango wote, kila baada ya upana wa vidole vinne, na kona zote nne uzipime peke yake. Chora mlango kwenye karatasi, weka alama ya tiki palipobana na msalaba palipolegea. Mchoro huo utauhitaji hapo chini, maana mpangilio wa misalaba ndio unaokuambia ugonjwa ni upi.

Nimesikia pia habari ya tochi. Ipi ni bora?

Tochi inaonyesha pengo, noti inaonyesha mbano. Kamba inaweza kugusa fremu kiasi cha kuzuia mwanga lakini isibane kiasi cha kuzuia hewa, kwa hiyo tochi ikikupa jibu zuri usitosheke nayo. Ikikupa jibu baya, ni baya kweli.

Weka tochi kali ndani, funga mlango, zima taa zote za chumba. Kama mlango ni wa kioo, ziba kioo kwanza kwa boksi lililokatwa vizuri au karatasi ya alumini. Vinginevyo mwanga wa kioo utakupofusha na hutaona ule mwembamba wa pembeni. Chukua dakika macho yazoee giza. Tazama hasa chini ya mlango na kuzunguka kioo chenyewe kinapokutana na chuma.

Na chaki?

Chaki ni kwa milango ambayo fremu yake ina ukingo mwembamba unaozama kwenye kamba. Paka chaki ukingo wote, funga mlango kwa komeo, fungua, tazama kamba. Mstari mweupe usiokatika ni salama. Ulipokatika, hapo hapajagusa. Mimi naipenda kuliko noti kwa sababu inaonyesha mlango wote kwa mara moja, na pia inaonyesha kama ukingo unatua katikati ya kamba au unakwepa pembeni.

Mlango unapita majaribio yote ukiwa baridi, lakini jiko bado linakimbia. Kwa nini?

Kwa sababu chuma kinatanuka. Mlango wa chuma cha pua (steel ya kawaida, si ile isiyoshika kutu) wenye urefu wa milimita 400, ukipanda nyuzi 300 za Selsiasi, unarefuka kwa takriban milimita 1.4. Fremu nayo inatanuka, ila si kwa kiasi kile kile wala kwa wakati ule ule, kwa kuwa haipati joto sawa. Mlango ulionyooka asubuhi unaweza kufura katikati saa mbili usiku.

Hapa kipimo ni udi. Washa kijiti cha udi, jiko likiwa limepamba moto na kidhibiti cha hewa kimefungwa karibu mwisho, kisha kipitishe polepole kandokando ya mlango, sentimita mbili hivi kutoka kwenye ungio. Penye afya moshi unapanda wima kwa uvivu. Penye upenyo unapinda ghafla na kunyonywa ndani. Zima feni, funga madirisha, usipumulie karibu, na mtandio au mikono mipana ya nguo iwe imefungwa mbali. Ukiona moshi unasukumwa kuja kwako badala ya kuvutwa, tatizo ni dohani; acha mlango kwanza.

Nimepata panapovuja. Nitajuaje kama ni kamba, komeo, bawaba au chuma kilichopinda?

Rudi kwenye mchoro wako wa noti. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa: wanaona pengo, wanasema "mlango umepinda", wanaagiza mpya. Mara nyingi sana ni kamba iliyochoka.

Ikiwa upande wote wa komeo umelegea na upande wa bawaba umebana, anza na komeo. Majiko mengi yana washa (vile vipete bapa vya chuma) za kupanga nyuma ya kishikio cha komeo au kwenye skrubu yake; ukitoa au kuongeza moja, mlango unasogea karibu na fremu. Jaribu hilo kabla ya kununua chochote. Mpangilio huo huo unatokea pia mtu akiwa ameweka kamba nene kupita kiasi: upande wa bawaba unagota mapema na wa komeo haufiki.

Ikiwa upande wa bawaba ndio uliolegea, au mlango umeshuka kiasi kwamba unauinua kidogo ndipo ufunge, pini za bawaba zimelika. Ushike mlango ukiwa nusu wazi, uinue na kuushusha. Ukicheza, jibu umelipata.

Chini peke yake: karibu kila mara ni kamba. Makaa yanaangukia hapo, majivu yanakaa hapo, na watu wanapakia kuni wakikwaruza hapo. Ibonyeze kwa kidole. Kamba nzima inarudi kidogo ukiiachia; iliyokufa ni ngumu na inang'aa, imebaki bapa kama utepe.

Kona moja, au kona mbili zinazotazamana kwa mshazari, huku nyingine zikibana vizuri: hapo ndipo nashuku msokoto wa chuma. Katikati ya upande mrefu peke yake, mlango umejipinda kama upinde. Katika hali hizi mbili endelea na swali linalofuata, lakini baada ya kuhakikisha kamba ina unene ule ule mzunguko mzima.

Nitapimaje kupinda kwenyewe?

Milango mingi inatoka kwa kuinuliwa juu ya pini zake. Ni mizito, hasa yenye kioo, kwa hiyo muwe wawili. Toa kamba ya zamani na ukwangue gundi yote, maana kipande cha gundi chenye unene wa milimita mbili kinaweza kukudanganya kwamba chuma kimepinda.

Laza mlango, upande wa ndani ukiangalia chini, juu ya kitu kilicho bapa kweli: kaunta ya graniti au meza ya kioo kinene iliyotandikwa gazeti moja. Meza ya mbao usiiamini. Bonyeza kona moja, kisha ile ya mshazari. Mlango ukicheza tiki-taka, umesokoteka. Chunguza kwanza kama hakuna bawaba au nundu ya chuma inayogusa meza kabla ya ukingo. Ikiwepo, sukuma mlango hadi nundu hiyo itokeze nje ya ukingo wa meza.

Kisha geuza mlango na uchukue rula ya chuma. Isimamishe kwa ubavu wake juu ya ukingo, upande mmoja baada ya mwingine, na mshazari mara mbili, ukiwa na taa nyuma yake. Mwanga unaopita chini ya rula upime kwa vile vipande vyembamba ambavyo fundi magari anapimia mwanya wa vali. Chini ya milimita moja, usijisumbue; kamba mpya inalimeza pengo hilo. Kati ya moja na mbili, kamba nzuri yenye unene sahihi bado inaweza kufanya kazi. Zaidi ya hapo kamba haitakuokoa.

Na usiishie kwenye mlango. Fremu ya jiko nayo inapinda. Pitisha rula ile ile juu ya uso wa fremu. Kununua mlango mpya na kuufunga kwenye fremu iliyopinda ni kupaka rangi nyumba yenye ufa.

Kwani mlango unapindaje?

Joto lililopita kiasi, basi. Swali ni limetoka wapi. Kuacha mlango wazi kidogo ili moto ushike haraka, kisha mtu akajisahau, ndiyo sababu ya kwanza. Nyingine ni kuchoma mbao za pallet na vipande vikavu vya useremala hadi jiko limejaa, kuliwasha bila matofali yake ya ndani au bila lile bamba la juu linalozuia miali isipande moja kwa moja, na kumwagia moto maji. Hili la mwisho chuma cha kalibu (kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo) hakilisamehe: hakipindi, kinapasuka.

Kama sehemu yoyote ya jiko imewahi kuiva hadi ikaonekana nyekundu gizani, chuma kilifika karibu nyuzi 500, na huo si moto wa kawaida. Kipimajoto cha sumaku cha kubandika juu ya jiko ni cha bei ndogo. Nunua.

Mlango uliopinda unanyooshwa?

Wa chuma cha kalibu, hapana. Ukiupiga au kuubana kwa jeki unavunjika, na kuuchomelea kunataka fundi anayejua kuupasha joto kwanza na kutumia vijiti vya nikeli, na hata hivyo ufa mara nyingi unarudi. Wa chuma cha pua unaweza kunyooshwa kwenye karakana, lakini ukipata joto kali tena unaelekea kurudi kwenye umbo lile lile. Ushauri wangu ni kutafuta namba ya jiko kwenye kibati cha nyuma na kuagiza mlango wa kiwandani. Kwa jiko la zamani ambalo vipuri vyake havitengenezwi tena, piga hesabu ya jiko jipya kabla hujamlipa mchomeleaji.

Ninunue kamba ya unene gani?

Inayotajwa kwenye kitabu cha jiko. Kitabu kikiwa kimepotea, usipime kamba ya zamani kwa unene wake wa sasa. Imeshabanwa miaka, itakuongopea. Pima mfereji inamokaa. Madukani Marekani utaikuta kwa inchi: 3/8, 1/2, 5/8, 3/4 hadi 1, Ulaya kwa milimita, kuanzia 6 hivi kwenda juu. Kamba ijaze mfereji kwa upana na ichomoze juu yake. Zipo ngumu na zipo laini kwa unene ule ule, na mlango uliokuja na laini ukiuwekea ngumu hautafunga.

Nibadilishe vipi?

Ng'oa ya zamani kwa bisibisi bapa, kwangua mfereji hadi chuma kionekane, malizia kwa brashi ya waya na ufagie vumbi lote. Hatua hii ndiyo ndefu na ndiyo inayorukwa. Gundi mpya haishiki juu ya gundi mfu.

Laza kamba kavu kwenye mfereji kwanza, uone urefu, kisha funga utepe wa gundi pale utakapokata ili nyuzi zisifumuke. Kisha gundi, ile inayouzwa kwa kazi hii. Silikoni ya bafuni itaungua siku ya kwanza. Mstari mwembamba tu, kwa kuwa gundi nyingi inapanda ndani ya kamba na kuigeuza jiwe. Anzia katikati ya upande wa bawaba, si konani, na uilaze kamba bila kuivuta. Kamba iliyovutwa inakonda, na umejitengenezea uvujaji mpya kwa mikono yako. Konani isukume ndani kidogo ili iwe imejaa. Ncha mbili zikutane bila kupandana.

Weka karatasi ya kuokea kati ya kamba na fremu, funga mlango, uache hadi kesho yake au kama gundi inavyoelekeza. Moto wa kwanza uwe mdogo. Utanuka kidogo, fungua dirisha.

Nimeweka mpya na sasa komeo halifiki.

Kamba mpya ni nene. Irekebishe kwa washa za komeo. Usilazimishe kwa goti, utapinda mlango uliokuwa mzima. Baada ya wiki chache kamba italala, na utarudisha washa ulizotoa.

Kioo kinaweza kuwa ndicho kinachovuja?

Ndiyo, kina utepe wake bapa pembeni. Kisogeze kwa kiganja jiko likiwa baridi. Kikigonga-gonga, utepe umekwisha. Skrubu zake zikazwe kwa mkono mwepesi na kwa zamu, kwa sababu chuma kinachokizunguka kinahitaji nafasi ya kutanuka bila kukibana. Kikipasuka, mbadala ni kioo cha kauri cha majiko. Kioo cha kawaida cha dirishani, hata kile kilichoimarishwa, hakifai.

Jiko ni la zamani sana. Kamba yake ina asbesto?

Jiko la miaka ya 1980 kurudi nyuma lenye kamba yake ya awali linaweza kuwa nayo. Usiikwangue ikiwa kavu, usiipulize wala kuifagia. Mwite mtu mwenye kibali cha kazi hiyo. Za leo ni za nyuzi za kioo. Zinawasha ngozi, vaa glavu na barakoa.

Mimi ni mpangaji. Ni kazi yangu?

Kukagua, ndiyo, kwa sababu wewe ndiye unayelala humo. Kutengeneza, mwandikie mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi na picha ya ule mchoro wa noti. England, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, mwenye nyumba binafsi anayepangisha analazimika kuweka king'ora cha monoksidi ya kaboni kwenye chumba chenye kifaa cha kuchoma kuni au makaa. Mkaguzi wa dohani naye umwombe atazame mlango anapokuja. Kiwango cha Marekani, NFPA 211, kinataka dohani ikaguliwe walau mara moja kwa mwaka, na ukishamlipa nauli ya kufika, dakika tano za mlango si kitu.

Kule nyumbani Afrika Mashariki, shuleni wana majiko makubwa ya kuni. Nao wazibe mlango hivi?

Inategemea. Majiko mengi ya taasisi Kenya na Tanzania yana mdomo wa kuni ambao ndio njia yake ya hewa. Ukiuziba kwa kamba, unaua moto na kujaza jiko la shule moshi. Kanuni za ukurasa huu ni za majiko yenye mlango wa kufungwa na kidhibiti cha hewa kilicho mahali pengine.

Mlango umeziba kabisa, nimethibitisha kwa udi, na moto bado haushikiki.

Kagua mlango mdogo wa majivu, kwa noti ile ile. Hewa inayopenya hapo inaingia chini ya makaa na kuchochea moto kuliko upenyo wowote wa juu. Kisha kifuniko cha shimo la majivu, kisha maungio ya pleti za jiko lenyewe, ambayo katika majiko ya kalibu yanajazwa kwa saruji ya tanuri inayokauka na kudondoka baada ya miaka. Pitisha udi huko kote. Kama huko nako ni kimya, huenda dohani ni ndefu na inavuta kupita kiasi. Mwombe mkaguzi apime mvuto wake kwa kipimo na akuambie kama bomba linahitaji dampa, kile kipande cha chuma kinachopunguza mvuto.